Kindege Ulichokirusha kwa Mkono wa Kushoto

Mama,

Nimeihamishia Inyonga. Kompyuta yako, nyaya zake, redio kaseti na ile kaseti moja. Niliipakata kwenye basi kutoka Mpanda mpaka huku, na konda aliponiambia niiweke kwenye buti nilimjibu bora niingie buti mimi. Akacheka. Mimi sikucheka.

Uhamisho wangu ulitoka muda mfupi baada ya kukuzika. Sasa mimi ni muuguzi wa huku, nimepewa chumba na sebule, na barazani kuna soketi. Lakini nianze na kikao, maana kilikuhusu na hukuwepo.

Baada ya arobaini, ndugu wa baba walikaa pale nyumbani Kawajense kugawa vitu vyako. Msemaji alikuwa baba mkubwa Desideri, shemeji yako yuleyule. Vitenge kwa huyu, sufuria kwa yule. Akafika kwenye kompyuta. "Hiki kidude kichomwe pamoja na godoro," akasema. "Ndicho kilichommaliza. Mtu mzima, mjane, mgonjwa, anashinda anapiga vindege vya kwenye kioo kama mtoto." Wengine wakaguna kumkubalia.

Unanijua Mama. Nimefika umri huu sijawahi kumjibu mkubwa. Siku hiyo nikasimama. Nikasema, "Haichomwi." Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Akaniuliza, "Unaongea na nani?" Nikasema, "Na wewe, baba. Haichomwi, na haikummaliza. Kama kuna mtu aliyemkosea..."

Nikashindwa kuendelea. Nikaingia ndani, nikaibeba, nikatoka nayo mbele yao wote.

Ile sentensi naimalizia hapa, kwako. Aliyekukosea ni mimi.

Kiharusi kilipokupata, mkono wa kulia ukalala. Ule mpira wa kufinya tuliopewa kwa ajili ya mazoezi uliurusha dirishani, ukasema wewe siyo mtoto wa kukandakanda mpira. Halafu ukaniambia, "Nitolee Kindege." Nilidhani unaweweseka. Tangu nipo darasa la nne, yule mwalimu wa hesabu mzungu alipoondoka akakuachia mashine kwa kuwa wewe, mpiga chapa wa shule, ndiwe peke yako uliyekuwa huiogopi, Kindege kilikuwa mchezo wetu wa Jumapili baada ya misa. Lakini ilikuwa miaka mingi tangu tuiwashe. Nikaitoa chini ya kitanda, nikaifuta vumbi, ikawaka.

Jina lenyewe la gemu lilikuwa refu, la Kiingereza, hatukulijali. Kwetu kilikuwa Kindege. Kichombo cheupe kinapita kwenye giza la anga, miamba juu, miamba chini, na vitu vinakujia mbio kuliko macho yanavyoweza kuvifuata. Ukiguswa mara moja umekufa. Una roho tatu tu. Unasubiri kaseti iliyobeba gemu ipige kelele zake kwenye redio mpaka uchoke, gemu linafunguka, na roho zote tatu zinaisha kabla hujakaa vizuri kwenye kiti. Utotoni nilikuwa nalia. Wewe ulikuwa unanisogeza pembeni unasema, "Usikiangalie kindege. Angalia kinachokuja."

Na sasa ulikuwa unataka kukirusha kwa mkono wa kushoto. Vidole viwili juu na chini, kidole gumba kwenye kitufe cha kufyatua. Wiki za kwanza hukuvuka hata miamba ya mwanzo. Ulikitukana kwa Kipimbwe mpaka jirani akachungulia. Halafu ukavuka. Halafu ukafika hatua ya pili, ukaniita jikoni kwa kelele, nikaja na mwiko mkononi nikidhani umeanguka.

Siku ile kina mama wa jumuiya walipokuja kukuombea, wakakukuta umeinamia kioo. Wakasalimia. Ukawaambia, bila kugeuka, "Ngojeni kwanza nife."

Wewe ulimaanisha roho ya mwisho ya Kindege. Wao walisikia kingine. Neno likazunguka Kawajense yote, likafika Ilembo kwa baba mkubwa, naye akanipigia simu. "Mnatuaibisha," akasema. "Watu wanasema mama yako amechanganyikiwa na wewe umemwacha tu."

Mama, niliona aibu. Nikaichukua kaseti, nikaifungia kwenye kabati langu kazini. Nikakuambia redio imeitafuna, haifai tena.

Ukasema, "Sawa."

Wewe, ambaye hujawahi kumwambia mtu yeyote sawa kirahisi. Nilipaswa kujua pale pale. Miezi miwili ulikaa kwenye kiti umetazama ukuta, mkono wa kushoto umelala mapajani kama wa kulia. Watu wakaja, wakasifu, wakasema sasa mama ametulia. Baba mkubwa akasema nimefanya la maana. Na siku uliyofariki, kaseti ilikuwa bado kabatini.

Sisemi ingekuokoa. Mimi ni muuguzi, najua kiharusi cha pili kinavyokuja, hakiulizi mtu alikuwa anafanya nini. Nasema miezi miwili ile ilikuwa yako, na mimi nilikunyang'anya ili watu wasinicheke.

Nisamehe. Hapana, ngoja. Usinisamehe haraka. Soma kwanza nilichofanya.

Mkanda wa mpira ndani ya redio ulikuwa umeyeyuka, umekuwa lami. Nilikata pindo la glavu ya kazini, nikalizungusha pale, likashika. TV za siku hizi zinakataa waya wake, kwa hiyo nikazunguka mtaani mpaka nikapata TV ya chogo kwa mama mmoja anayeuza asali, alikuwa anaitumia kama meza ya maua. Kaseti ikagoma. Nikachukua bisibisi ndogo nikakaza ile skrubu ya kichwa kinachosoma kaseti kama ulivyokuwa unafanya, kidogo kidogo, nasikiliza mpaka sauti ikawa nyembamba na kali. Nikakaa chini kwenye saruji nikingoja. Kikafunguka.

Nikafa. Nikafa tena. Kwa mikono miwili mizima, Mama, siku nzima ya Jumamosi, sikuvuka hatua ya kwanza.

Jumapili nikauweka mkono wa kulia nyuma ya mgongo, nikajaribu kama wewe. Vidole vya kushoto vinachelewa, vinabonyeza kisichotakiwa, bega linauma, jasho linaingia machoni. Mwamba wa kwanza kabisa ulinishinda. Hapo ndipo nilipolia, na siyo kwa sababu ya gemu. Nilikuwa nadhani unapoteza muda. Kumbe ulikuwa unafanya kazi ngumu kuliko zote zilizofanyika ndani ya nyumba ile, na sisi wenye mikono mizima tukawa tunakuonea huruma.

Huku nako wameshaanza kusema. Nesi mgeni anacheza gemu barazani. Waseme. Sijahamisha kiti, sijashusha pazia.

Wiki iliyopita amekuja Mama Kulwa. Ni Msukuma, ukoo wao ulishuka huku na ng'ombe miaka mingi iliyopita, alizoea kukamua kwa mikono yote miwili, na sasa mmoja umelala kama wako. Walikuwa wanatoka kliniki na mume wake, wakapita mbele ya baraza langu nikiwa nacheza. Akasimama. Mume akamvuta, yeye hakusogea.

"Hiyo ni dawa?" mume akaniuliza.

"Siyo dawa."

"Sasa ni nini?"

"Mchezo. Na mke wako anataka kucheza."

"Mtu mzima huyu," akasema. "Watu watatucheka."

Nilimsikia baba mkubwa mdomoni mwake, nikajisikia na mimi mwenyewe. Nikasimama, nikampa Mama Kulwa kiti changu. Nikamwonyesha vidole vinakaa wapi. Alikufa roho tatu kwa muda wa kupiga chafya. Halafu akasema maneno fulani kwa Kisukuma ambayo sikuyaelewa, lakini mume wake aliziba mdomo kwa mkono, na mabega yakaanza kumcheza kwa kicheko. Mama Kulwa akanigeukia, mdomo umepinda upande, macho yanawaka. "Washa tena," akasema.

Mume amesema Jumamosi hii ana shughuli za ng'ombe, hawezi kumleta. Nimeshaongea na mtu wa bodaboda. Nitaenda kumchukua mwenyewe, na mume akikataa nitakaa pale uani kwake mpaka achoke kuniangalia.

Hiyo ndiyo ahadi yangu, Mama. Sasa, ukitaka kunisamehe, nisamehe. Kwa heri.

Mwanao,
Veronika