Mwambie Baba, Mwambie Mama

Alhamisi, 2 Januari

Ukungu tangu asubuhi. Mji mzima wa Chuadanga umejifunika blanketi. Mwanafunzi wangu Tonima kaja tuisheni na soksi mbili kila mguu, pua nyekundu. Mtihani wa taifa ni mwezi ujao na bado hajui kugeuza usemi halisi wa Kiingereza uwe usemi wa taarifa. Swali hilo halikosi kila mwaka. Na kila mwaka watoto wanalia.

Nikamwambia tuanze mwanzo kabisa. Mtu kasema jambo kwa mdomo wake, huo ni usemi halisi. Sasa wewe unampelekea mwingine. Toa alama za kunukuu. "Mimi" ya msemaji inakuwa "yeye". "Leo" inakuwa "siku ile", "hapa" inakuwa "pale". Na kitenzi kinarudi nyuma, kutoka sasa kwenda zamani.

Tonima akauliza: Dada, kwa nini kirudi nyuma? Kama huyo mtu bado ana njaa?

Nikasema, kwa sababu neno likishatoka mdomoni limeshapita. Sikuwahi kulifikiria hilo kabla ya kulitamka!

Na papo hapo, kutoka jikoni, mama mkwe wangu: "Mwanangu, mwambie huyo bwana chai yake inapoa." Huyo bwana kakaa barazani, karibu kabisa, anasikia kila kitu. Nikanyanyuka. Baba, Mama anasema chai inapoa. Naye: "Mwambie nimesikia."

Wakwe zangu hawasemeshani. Ndivyo nilivyowakuta nilipoolewa. Wanakula chungu kimoja, wanalala chini ya paa moja, na kila neno linapita kwangu. Kabla yangu lilipita kwa mume wangu, Murshid, mpaka akapata kazi kiwanda cha nguo huko Gazipur. Nikimuuliza sababu, ananiambia mambo ya wazee hayo, Rehnuma, achana nayo.

Kanuni hizi nimezifundisha sijui mara ngapi. Leo ndiyo nimeona. Kumbe ndiyo kazi yangu ya kila siku humu ndani!

Jumapili, 5 Januari

Leo amri. Tonima anazichukia. Kwa Kiingereza huwezi kuipeleka amri kwa "alisema" peke yake. Lazima uchague: aliamuru, aliomba, alisihi, alikataza. Msemaji mwenyewe hakutaja. Anayeamua ni wewe uliyeibeba.

"Yaani naamua tu?" akauliza. "Mama akisema 'Kaa chini usome, punda we', naweza kuandika alinisihi?"

"Andika aliamuru. Na kwamba alikuita punda."

"Lakini anayesahihisha hamjui mama yangu!"

Tumecheka hadi kalamu ikaanguka.

Baada ya adhuhuri Baba akarudi kutoka kwenye duka lake la mbolea, anatetemeka kwa baridi. "Mwambie alete maji ya moto. Au jiko limekufa?" Nikaenda jikoni. Mama alikuwa anachekecha unga wa mchele. Sijui nini kilinipanda kichwani. Nikasema: "Mama, Baba anaomba maji ya moto, kama yapo."

Anaomba. Kitenzi kimoja tu!

Mama akaacha chekeche. "Anaomba?" Ndiyo, Mama. Akanitazama kitambo. Kisha akachemsha maji mwenyewe, na pembeni ya ndoo akaweka kichupa cha mafuta ya haradali. Sijawahi kumwona akimtolea mafuta hayo. Baba alipokiona alisimama. Akakigusa kwa kidole. Nani kaweka hiki? Mama, nikamjibu. Alioga muda mrefu, akatoka ananukia kama bwana harusi.

Bado nashangaa. Hadi sasa hivi nashangaa.

Jumatano, 8 Januari

Nimeendelea. Mungu anisamehe.

Baba: "Samaki gani huyu ana miba hivi, anataka kuniua?" Mimi: Mama, Baba anasema samaki mtamu, ila siku hizi macho yake hayaoni miba vizuri. Chakula kilichofuata Mama akamtolea miba yeye mwenyewe, kipande baada ya kipande.

Mama: "Mwambie kikohozi chake kinaniudhi." Mimi: Baba, Mama ana wasiwasi na kikohozi chako. Kabla hajamaliza chai akaenda kununua dawa.

Watu wazima, mvi zimejaa. Nawaona wanalainika kama sukari guru kwenye maziwa ya moto. Na ni maneno tu! Maneno! Natembea humu ndani kama mtu aliyegundua kwamba mkono wake unaweza kuwasha taa bila swichi.

Ijumaa, 10 Januari

Tonima kanikamata.

Alikuwa barazani na zoezi lake. Baba upande huu, Mama upande ule, mimi katikati nakimbia. Kumbe anasikia kinachotoka na anasikia kinachofika. Nilipokaa akaninong'oneza: Dada, umebadilisha.

Nini?

"Mama mkwe wako kasema 'Mwambie azime hilo liredio lake kabla sijalitupa bwawani.' Wewe umemwambia anaomba upunguze sauti kidogo, kichwa kinamgonga."

Kisha akainua kidole kama ninavyoinua mimi: "Maneno yabadilike, maana isibadilike. Ungekuwa mtihani, Dada, hapo una sifuri."

Nikamwambia amalize zoezi.

Jumatatu, 13 Januari

Nimejua sababu. Nimeijua leo, na nimekaa nayo kama mtu aliyemeza jiwe.

Simu ya Mama ililia tukiwa tunapika keki za mchele kwa mvuke. Lokman, kaka yake, yuko Khulna. Sikuwahi kumsikia akipiga. Binti yake anaolewa, anamtaka dada yake afike. Peke yake. Mama alijibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Akaiweka simu chini, mikono yote unga, akalia.

Nikamuuliza. Safari hii akaniambia.

Baba yao alipofariki aliacha kishamba nyuma ya bwawa, hakikugawanywa. Baba mkwe alikitaka ajenge duka. Ugomvi ukafika kwenye kikao cha usuluhishi mbele ya wazee wa mtaa. Kabla ya kikao akamuuliza mkewe: wewe unasemaje? Mama akamjibu: "Kama kaka ameridhia, basi ni chetu."

Wanawake hawakukaa pale. Mama alikuwa nyuma ya ukuta wa mianzi, anasikia. Mumewe akasimama mbele ya wote. "Mke wangu mwenyewe, dada wa huyu Lokman, amesema shamba ni letu."

"Ile 'kama' aliimeza," Mama akaniambia. "Neno moja. Wazee wakaona kama dada mtu kasema, kuna nini tena? Kaka akageuka akautazama ule ukuta. Aliniona kupitia mianzi, naapa aliniona. Wiki ile ile akahama na familia yake."

Kwa nini hukupiga kelele, Mama?

"Mwanamke apige kelele mbele ya wazee? Nikanyamaza. Hilo ni langu, sijalisahau. Lakini nikasema, huyu mtu nimempa maneno yangu akayafanyia hivi. Hapati tena hata moja mkononi. Akiyataka atayapata kwa mtu mwingine."

Nilikuwa nimeshika kifuniko cha chungu. Mvuke ukaniunguza, sikuhisi.

Baba alitoa "kama". Mimi niliongeza. "Kama yapo," nilisema siku ile. Kuna tofauti gani?

Jumanne, 14 Januari

Sikuweza kubaki nalo. Leo tukifua nguo nikamwambia Mama yote. Maji ya moto, samaki, kikohozi, redio. Nikasubiri anifukuze.

Akaendelea kukamua shuka. "Nilijua."

Tangu lini?

"Tangu maji. Miaka yote hii naishi na huyo mtu. Aombe maji, yeye? Na aseme kama yapo?" Akacheka puani.

Sasa kwa nini, Mama? Kwa nini mafuta, kwa nini miba ya samaki?

Akainyoosha shuka kwenye kamba. Hakunitazama.

"Nilitaka nisikie ingekuwaje."

Nilimtazama tu, mwanamke mfupi mwenye mikono iliyopasuka kwa baridi, nikahisi nimesimama mbele ya kitu kikubwa sana.

Kisha akasema: "Sasa basi. Kuanzia leo niletee maneno yake yalivyo. Hata kama yana miba. Na yangu mpelekee yalivyo."

Alhamisi, 16 Januari

Yalivyo, basi. Nyumba imekuwa uwanja wa vita.

Baba: "Mwambie wali umeiva kama mawe." Nimefikisha. Mama: "Mwambie meno yake ndiyo yameoza." Nimefikisha. Nilitegemea sahani itapaa. Baba akaacha kutafuna. Kisha — akacheka! Tumbo zima likatikisika. Huko jikoni kelele za vyombo zikanyamaza. Nadhani Mama hajamsikia akicheka tangu kikao kile.

Kisha likaja lile zito. Mama kasema kwa sauti ya kawaida kabisa, anachambua dengu: "Mwambie naenda Khulna Jumamosi. Sijui kama nitarudi."

Nilisimama kizingitini kwa Baba. Mdomo wangu uliyajua maneno laini ya kuweka pale, yalikuja yenyewe, yakapanga foleni. Anakwenda kutembea. Atakaa kidogo. Nikayafukuza yote. Nikasema yalivyo.

Baba alikuwa anafunga saa mkononi. Aliifunga, akaifungua, akaifunga. "Kasema hajui kama atarudi?"

Ndivyo alivyosema, Baba.

"Kwa maneno hayo hayo?"

Hayo hayo.

Ijumaa, 17 Januari

Tonima hakuja, Ijumaa hii kwao wana wageni. Afadhali.

Baada ya sala ya Ijumaa Baba hakwenda kunywa chai na wenzake. Kaja moja kwa moja nyuma ya nyumba, nilikokuwa naanua nguo. Hajawahi kufika huko. Akashika ncha ya shuka kana kwamba ananisaidia.

"Mkwe wangu. Wewe una ulimi mtamu. Unajua kuyapamba maneno."

Hata yeye!

"Unadhani mimi mjinga? Huyo mwanamke awe na wasiwasi na kikohozi changu?" Lakini hakuwa amekasirika. "Nilikwenda kununua dawa kwa sababu... basi tu. Nilitaka kwenda."

Wote wawili walijua! Kila mmoja alijua, akapokea, akanyamaza. Na mimi nikijiona ndiye ninayewaendesha. Lo! Nani alikuwa anamwendesha nani?

Kisha akasema, anatazama chini: "Mwambie ile 'kama' nilimsikia akiisema. Mwambie nilijua Lokman hajaridhia. Mwambie... tafuta wewe namna nzuri."

Nilitaka kulibeba. Wallahi nilitaka! Lingekuwa neno kubwa kuliko yote niliyowahi kubeba. Nikafikiria namna lingefika jikoni: kwamba alisikia, kwamba alijua, kwamba siku ile, kwamba pale. Yeye, yeye, yeye. Lingefika limepoa.

"Baba, hili sitalipeleka."

"Nini?"

"Nisamehe. Lingine lolote nitapeleka. Hili ukilisema kwa mdomo wangu halitakuwa lako."

Hakuna mtu aliyewahi kumkatalia hivyo, najua. Nilidhani atanipigia kelele. Aliniachia shuka mikononi, imekunjwa vibaya, akaondoka.

Nimeikunja shuka upya.

Jumamosi, 18 Januari

Naandika haraka. Niko chumbani, pazia tu ndilo limenitenga nao.

Riksha ya kumpeleka Mama stesheni imefika. Baba hakufungua duka. Kasimama kwenye nguzo ya baraza tangu alfajiri, shali kichwani. Mama kavaa viatu, kanikumbatia, kabeba begi lake. Kisha, kama kawaida: "Mwanangu, mwambie dawa yake ya presha —"

Nikasema, Mama, yuko hapo. Nikaingia humu ndani.

Nasikia kuku tu.

Kisha Baba: "Mama Murshid."

Sijawahi kumsikia akimwita!

Anaendelea: "Lile neno lako. Siku ya kikao. Nilikusikia ukilisema. Nililiacha makusudi. Lokman hakuwa ameridhia, na mimi nilijua."

Nawaona nusu nusu. Mama hamtazami. Analitazama pazia langu.

"Mwanangu! Amesema nini huyu?"

Naye amesikia! Hata mwenye riksha amesikia, ameacha kugonga kengele. Maneno yameshajipanga ulimini mwangu, safi kabisa. Nimeuma mdomo.

"Mwanangu?"

Sijibu. Naandika tu.

Mwenye riksha anauliza wanaondoka au vipi, treni ya Khulna haimsubiri mtu. Kuna kitu kimewekwa sakafuni. Begi, nadhani.

Mama amegeuka. Amemtazama usoni.

"Umesema nini?"

Baba anavuta pumzi, anaanza upya —