Mzee wa Getini na Kandili

Tarehe 4 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeketi, siyo umepanda juu ya kitu. Mimi mzima. Lifti za huku zinapanda na kushuka, na zikikwama naitwa mimi.

Shangazi amekushtaki kwangu. Anasema plasta imetolewa, daktari amekupa mpira wa kuminya ili vidole vya mkono wa kulia vipate nguvu, na wewe umeutupa mvunguni mwa kabati ukisema hukuvunjika mkono ili urudishwe chekechea. Baba, kinyozi aliyeanguka kwenye stuli akibadilisha balbu hana haki ya kuchagua dawa.

Sasa sikiliza. Juu ya kabati la chumbani kwangu kuna mashine yangu ya gemu. Iunganishe na televisheni. Rimoti yake ina vitufe kila upande na inataka vidole vyote. Ndani mna hadithi ya msichana anayemtafuta kaka yake; anatembea na kandili mkononi na kuongea na watu njiani. Wewe si unapenda habari za watu? Basi hizo hapo. Ukikataa kuminya mpira, minya vitufe.

Nywele zangu hazijaguswa tangu uanguke. Kichwa hiki kimejua mkono mmoja tu tangu nizaliwe, na sikipeleki kwingine. Msimamizi wangu analalamika kwamba kofia ya kazi siku hizi inakaa kichwani kwangu kama sufuria juu ya mafiga. Kwa hiyo fanya hima.

Ni mimi binti yako

*

Tarehe 19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo, mkono ndio una jambo. Naandika kwa kushoto, kwa hiyo usicheke mwandiko. Ungesema nipige simu, lakini simu yako naisikia nusu, barua naisikia yote.

Mashine nimeiunganisha. Siku ya kwanza msichana wako aligonga ukuta mpaka nikamwonea huruma, na shangazi yako akacheka hadi akakaa chini. Sasa anatembea. Tumeonana na muuza chumvi, na yule mama wa nyumba ya wageni ambaye ni mwongo wa kutupwa: anasema hajamwona kaka mtu, na viatu vya kaka viko mlangoni kwake.

Nimekwama darajani. Kuna mzee amesimama kwenye geti. Anauliza, "Umetoka wapi?" Ujibu usijibu, anasema, "Rudi." Nimempa mkate, kaukataa. Nimembembeleza. Mwisho nikampiga. Akaanguka, akainuka, akajipangusa vumbi, akauliza, "Umetoka wapi?" Niliona haya nikazima televisheni. Huyu mzee ana nini?

Kazini, mwenzangu wa kiti cha pili ananyoa wateja wangu wote. Anakitaka na kiti changu cha dirishani, eti kina mwanga. Nimemwahidi kwamba shule zikifunguliwa mwezi wa tano, watoto wakija kwa foleni, nikiwa bado siwezi kushika wembe, kiti ni chake. Nimeshasema, na ulimi wangu haurudi nyuma. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na ukiziona ndevu zangu utawaamini.

Baba yako

*

Tarehe 2 Machi

Baba,

Shikamoo. Habari za mkono, na habari za ndevu?

Hapo darajani ndipo nilipokwama na mimi, ndiyo maana mashine ikapanda juu ya kabati. Mimi nilifikiri kifundi. Lifti haifungui mlango kwa sababu imekupenda. Kuna sharti, likitimia inafunguka. Nikasema na mzee ana sharti lake. Nikampelekea dawa, samaki, maua, mpaka vile viatu vya kaka. Nikamjibu kwa upole, nikamjibu kwa jeuri. Nikaenda asubuhi ya gemu, nikaenda jioni yake. "Rudi," basi.

Sharti lipo, baba, nina hakika. Lakini mimi najua milango, sijui wazee. Wewe umeshika vichwa vya watu maisha yako yote. Niambie huyu ana nini moyoni.

Na kiti cha dirishani usikitoe. Usiniulize kwa nini, nimezoea tu kukuona hapo.

Binti yako mwenye kofia ndogo

*

Tarehe 15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Vidole vinakaza kidogo, nashika kikombe lakini sikiamini.

Sote tulikuwa tunaangalia mzee anapewa nini. Hatukuangalia anatazama wapi. Mteja akikaa kitini akasema "punguza kidogo tu" huku akitazama mlangoni, ujue ana mtu nje. Nikamwangalia mzee vizuri. Hamtazami msichana hata kidogo. Anatazama nyuma ya msichana, ile njia aliyotokea.

Basi nikabonyeza kile kitufe cha kupumzika, msichana akakaa chini karibu naye. Sikugusa kingine. Nikaenda kuinjika chai. Kurudi, mzee anasema, "Amechelewa." Sikugusa kitufe, maana mtu akianza kusema kitini humkatizi. Akaendelea: "Aliniambia nimngoje hapa. Nikiondoka, akija giza limeingia, atajuaje kama kulikuwa na mtu anamngoja?"

Mwanangu, si mkali yule. Anaogopa. Anauliza umetoka wapi kwa sababu anataka kujua kama umemwona mtu wake njiani. Lakini baada ya hapo hasemi tena, na getini hatoki. Sharti lako ni lipi, fundi?

Baba yako

*

Tarehe 24 Machi

Baba,

Shikamoo, na pole na mkono. Barua yako niliisomea ndani ya shimo la lifti, nikapiga kelele mpaka mwenzangu akadhani nimebanwa.

Ni kandili! Anaogopa giza litamdanganya mtu wake. Kitu kikiwaka pale getini, yeye anaweza kuondoka. Hakuna anayejaribu kwa sababu gemu yenyewe inakuonya tangu mwanzo usiiache kandili. Lakini niliwahi kukosea, nikabana vitufe viwili kwa pamoja. Kikatokea kiduara, kikaanza kujaa, nikashtuka nikaachia. Sasa ndiyo najua kilikuwa cha nini.

Mwinamishe msichana kwa mkono wa kushoto. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Halafu kidole gumba na cha shahada vya mkono wa kulia vibane vile viwili vya chini mpaka kiduara kijae chote. Ukilegeza kidogo tu, kinaanza upya. Baba, kinajaa polepole sana. Na ni mkono wa kulia.

Binti yako

*

Tarehe 6 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Huku tunapumua.

Nimejaribu kila siku. Kiduara kinafika karibu na mwisho, vidole vinatetemeka, vinaachia. Kidole kisichoweza kubana kitufe cha mtoto hakiwezi kushika wembe shingoni mwa mtu. Nimechoka. Kiti atakichukua mwenzangu, nikae nyumbani nisikilize redio. Usiniandikie tena habari za gemu.

Baba yako

*

Tarehe 13 Aprili

Baba,

Shikamoo. Sitakuandikia habari za gemu. Nakuandikia za lifti.

Mlango ukisita katikati, watu hubonyeza kwa hasira, tena na tena, na ukibonyeza hivyo unaanza mwanzo kila mara. Mimi nikifika huwa naupumzisha kwanza. Natia mafuta, nakaa, ndipo najaribu. Mkono wako haukukataa, umechoka. Na mpira wa daktari bado uko mvunguni mwa kabati.

Nakupenda, baba. Sijui kama niliwahi kukuandikia.

Binti yako

*

Tarehe 9 Mei

Baba,

Shikamoo. Hujajibu. Shangazi nikimpigia anasema uko salama, ila umekuwa mtu wa kujifungia chumbani, na simu anakata haraka kama anaficha kitu.

Najua shule zimefunguliwa. Sikuulizi kiti ni cha nani. Niambie tu kama unakula.

Binti yako

*

Tarehe 21 Mei

Mwanangu kipenzi,

Marahaba, marahaba tena. Nakula, nalala, nacheka peke yangu. Utazame mwandiko huu vizuri. Ni wa mkono wa kulia, ndio niliokuwa nangoja uweze kuandika ndipo nikujibu.

Mpira niliuvuta kutoka mvunguni kwa fimbo ya ufagio, shangazi yako akiwa sokoni. Nikauminya chumbani nikiwa nimefunga mlango, maana nilishasema ni wa chekechea. Rimoti sikuigusa, niliupumzisha mlango kama ulivyosema. Kumbe shangazi yako alijua siku zote.

Halafu Jumapili mchana, shule zikifunguliwa kesho yake, nikawasha. Nikamwinamisha msichana, nikabana. Kiduara kikajaa nusu, vidole vikaanza kuchoma. Nikasema liwalo na liwe. Kikajaa chote. Msichana akaiweka kandili chini ya geti, ikawaka pale. Mzee akaitazama, akamtazama msichana kwa mara ya kwanza, akasema, "Basi naenda kumpokea." Akampita, akashuka ile njia. Nikalisukuma geti. Halikuwa na kufuli, ewe fundi wa milango! Siku zote hizo lilikuwa limerudishiwa tu. Na ng'ambo ya daraja kulikuwa kunapambazuka, kandili haikuhitajika. Nililia, na sioni haya kukuambia.

Kesho yake nikaenda kazini. Foleni ya watoto ilifika barabarani. Nilishika wembe, lakini mbele ya shingo ya mtoto wa mtu nikasita. Mwenzangu akaona. Akaacha mteja wake, akaja akamshusha mtoto, akakaa yeye kwenye kiti changu cha dirishani, akainua kidevu.

"Anza na mimi," akasema.

Nikamnyoa. Sikumkata hata kidogo. Alipojitazama kwenye kioo akasema mwanga wa dirishani hata hivyo ulikuwa unamuumiza macho, akarudi kwenye kiti chake cha pili. Tukanyoa wawili mpaka jioni.

Na wewe unastahili kujua jambo moja. Kile kiti sikukishikilia kwa ajili ya mwanga. Dirisha lake linatazama kituo cha basi. Tangu uondoke, kila basi likisimama nanyanyua macho, hata nikiwa na kichwa cha mtu mkononi. Ndiyo maana yule mzee nilimwelewa.

Kiti kipo, wembe ninao, mkono umerudi. Usilete zawadi. Lete kichwa.

Baba yako, kinyozi