Mtani Aliyenyamaza Msibani

Jumatatu, 1 Machi 1982
Mazoezi ya ushauri tena, hapa sekondari. Stoo ya ramani ndiyo ofisi yangu. Viti viwili na vumbi. Mkufunzi wetu wa Mlimani anasisitiza: mshauri husikiliza, hajitii katikati. Haya. Asubuhi nimepita kwa Mama Mwanahawa, muuza vitumbua pale Msimbazi. Binti yake, Mwanahawa, yuko kidato cha tatu hapa, nimepangiwa yeye. Mama kanichokoza kama kawaida: "We Mnyamwezi, mpagazi, mzigo wako uko wapi?" Wazaramo bwana! Watani hawa hawana dogo. Nimecheka hadi shuleni.

Alhamisi, 4 Machi
Mama Mwanahawa kafariki. Jana alikuwa mzima. Nimekaa jamvini, mikono mapajani, nikasikiliza kama nilivyofundishwa. Watu wananitazama tu. Mwanahawa hasemi wala halii.

Jumatatu, 8 Machi
Aibu! Balozi wa nyumba kumi kaniita pembeni. Kumbe msiba mzima ulikuwa unanisubiri. Mtani ndiye wa kuwachekesha wafiwa, nami sikumwigiza marehemu, sikuvaa kanga yake, sikudai hata ada yangu. Bibi yake Mwanahawa anasema nilikuwa na kinyongo na mwanawe. Mimi! Kwetu Tabora ningeanzia mlangoni. Hapa nilijifanya msomi.

Mwanahawa bado kimya. Mjomba wake kasema akiendelea hivi hadi Jumapili, anamrudisha kijijini Maneromango, shule basi.

Alhamisi, 11 Machi
Nimemuuliza mkufunzi kama niende kuwatania wafiwa. Kakataa. Msiba si mchezo, atanipunguzia alama. Na apunguze.

Jumamosi, 13 Machi
Nimekwenda kwao Mwanahawa. Kanga ya marehemu kiunoni, kikaango chake kichwani, nimeingia nikilalamika kwa sauti yake: mchele hakuna, sukari mpaka foleni, na Wanyamwezi wamejaa mji! Bibi kacheka hadi machozi. Mjomba naye. Mwanahawa kaniangalia weee. Kisha kalia, mara ya kwanza, kaishika ile kanga hataki kuiachia. Nami nimelia. Nilimpenda yule mama.

Jumatatu, 15 Machi
Hakupelekwa Maneromango. Nimemkuta pale Msimbazi, hana sare, anageuza vitumbua kwenye kikaango cha mama yake. Bibi kazeeka, na wadogo zake wanataka kula.

Naondoka, kaniita: "We mpagazi! Mzigo wako uko wapi?" Sauti ya mama yake kabisa.

Nilinunua vitumbua viwili. Kengele ya saa nne imelia, bado sijavila.