Makande ya Suji Yamefika kwa Mwenyekiti

Hedaru, nyumbani kwa Elieza

Mke wangu Nakijwa,

Mimi mumeo nina miaka themanini na moja na bado natembea bila fimbo. Nimewazika kaka zangu wote. Nimewazika wenyeviti watatu wa kijiji walioniambia nina kichwa kigumu. Mashine mbili za kusaga zimekufa nikiziangalia, na meno yangu yamenitangulia isipokuwa sita, nayo ndiyo yale yanayojua kazi. Nakuambia haya mwanzo kabisa ili usije ukasikia kwa watu kwamba nimeshindwa na sufuria.

Vipi huko? Goti lako linakunjika? Ile dawa ya kuchua bado ipo au umempa dada yako yote? Ng'ombe ameshazaa, na kama amezaa ni jike? Mvua je, maana huku tunayaona mawingu yamekaa juu ya mlima wetu wa Suji lakini hayatuletei habari. Mimi ni mzima. Joto la huku ni kama mtu amekufunika na sufuria iliyotoka motoni, lakini nimelizoea kuliko waliozaliwa hapa, wao wanalalamika na mimi nimevaa koti.

Elieza alitaka nikupigie simu nikakataa. Simu inanikata katikati na maneno yangu haya ni marefu. Kuandika nilifundishwa kwenye kisomo cha watu wazima na cheti kipo kwenye sanduku, unakijua. Wewe ulifika darasa la nne, soma taratibu, na ukikuta herufi imelala ujue ni meza ya huku, ina mguu mbovu.

Sasa sikia. Uliponituma nije kukaa na mwanetu Elieza ulidhani mkwe wetu atanipikia. Mkwe wetu amekwenda kwa mama yake kujifungua. Elieza naye anashinda dukani, anakula mikate. Nikabaki mimi na tumbo langu. Nikasema mimi siwezi kuchukuliwa na mikate katika umri huu, ngoja niwapime hawa wenye hoteli, mmoja baada ya mwingine, nijue nani anapika na nani anachezea moto.

Nilianza na kijana wa chipsi pale mabasi yanaposimama. Akakaanga viazi, akavimwagia mayai, vikashikana vikawa kitu kimoja. Nikamuuliza, "Kijana, hapa yai ni lipi na kiazi ni kipi?" Akasema, "Babu, hiyo ndiyo zege." Nikamwambia zege nimejengea tangi la shule, sikujua kama linaliwa. Nikala nikamaliza. Si baya, ila tumbo lilinyamaza mpaka kesho yake, na mimi tumbo langu nimelizoea likisema.

Nikaenda kwa Mzee Shabani, yule anayelisha madereva wa malori. Nakijwa, wali wa yule mzee punje inakaa mbali na mwenzake kama watu waliogombana. Hapo nilivua kofia. Nyama ndiyo niliitafuta nikachoka. Nikamwita, "Shabani, nyama yangu iko wapi?" Akaja na kijiko, akageuza wali, akasema, "Hii hapa mzee wangu, ilikuwa imelala." Nikamwambia aiamshe na ndugu yake. Madereva walicheka mpaka mmoja akapaliwa, na Shabani akaniongezea kwa aibu. Wali wake nausifu popote. Mchuzi wake ni wa kunawia mikono.

Yupo pia mwanamke anayeleta samaki, perege, kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu. Anawakaanga mpaka mkia unatafunika hata kwa mtu wa meno sita. Kwa huyo sina neno. Nilikula nikanyamaza, na wewe unajua mimi kunyamaza ni nini.

Basi watu wakaanza kunijua. Dereva akiteremka ananiita, "Mzee wa mlimani, leo tule wapi?" Namwambia, naye anakwenda. Sikujipa kazi hiyo, nimepewa.

Ndipo nikafika kwa Bi Mwanaidi. Huyu ni mama wa hapahapa Hedaru, babu yake alikuja na biashara zamani wakakaa, mtu mzima mwenye wajukuu, na mdomo anao. Hoteli yake ni mabati na benchi nne. Nje ameweka ubao umeandikwa kwa chokaa: MAKANDE YA SUJI YAPO. Moyo ulinipiga kama nimeitwa jina langu. Nikakaa, nikaagiza.

Nikaonja. Nikasikia nazi. Nikasikia karoti. Na chini kabisa nikasikia magadi.

Nikasema, "Mama, aliyekuuzia jina la Suji amekudanganya."

Akasema, "Baba, shikamoo kwanza."

"Marahaba. Haya makande ni ya wapi?"

"Si umesoma ubao?"

"Nimesoma. Ndiyo maana nauliza."

"Basi ni ya Suji."

"Wa Suji ni mimi."

"Na mwenye sufuria ni mimi."

Nakijwa, ningefanya nini? Nikasimama. Nikawaambia watu wote mle ndani, madereva na utingo wao na akina mama wa gulio, kwamba mimi nimezaliwa Suji, nimelelewa kwa makande, na haya waliyo nayo mbele yao ni uji wa nazi wenye sabuni. Wengine wakacheka. Wengine wakasukuma sahani. Kumbe neno langu huku lina uzito kuliko nilivyodhani mimi mwenyewe, maana kesho yake na kesho kutwa sufuria ya Bi Mwanaidi ilirudi nyumbani imejaa nusu, madereva wote wako kwa Shabani.

Akanipeleka kwa mwenyekiti wa kitongoji.

Nilivaa koti la harusi ya Elieza. Tangu ile kesi ya mpaka wa migomba sijapata kesi nzuri kama hii. Mwenyekiti wao anaitwa Athumani, mtu mpole, tulikaa barazani kwake. Akaniuliza, "Mzee, ulisema maneno hayo?" Nikamjibu, "Nilisema, na nikipewa nafasi nitasema tena." Bi Mwanaidi akasema, "Mwenyekiti, mimi sina shamba wala ng'ombe. Nina sufuria ile tu na wajukuu wanaokula kutoka humo. Huyu mzee akitaka kuniua njaa aje na panga, asije na ulimi."

Hilo neno lilinichoma kidogo, nakuambia kweli. Lakini kesi ni kesi.

Mwenyekiti akaamua hivi. Siku ya gulio mimi nipike makande ya Suji jikoni kwa Bi Mwanaidi, na yeye apike yake, watu wale. Yangu yakipendwa, ubao unashuka. Yake yakipendwa, nisimame palepale niliposimama nifute maneno yangu kwa sauti ileile. Nikasema hewala.

Najua unacheka. Unasema huyu mzee hajawahi kushika mwiko. Lakini macho yangu yamekutazama miaka hamsini, na macho nayo yanasoma. Nikachukua mahindi yaliyokobolewa na yale maharage uliyomfungia Elieza. Nikawasha moto alfajiri, nikatia maji ya kisima, nikakaa na mwiko kama mfalme.

Jua likatoka. Mahindi yakaanza kulegea. Maharage hayakutaka. Nikaongeza kuni. Nikaongeza maji. Jua likapanda, watu wakajaa kwenye benchi, na maharage yangu yanagonga sufuria kama mvua ya mawe kwenye bati. Utingo mmoja akaniuliza, "Babu, unapika au unaponda kokoto?" Nikamtuma kuni.

Bi Mwanaidi akaja, ameshika magadi kidogo kwenye kiganja. Akasema kwa sauti ya chini, si kwa kunicheka, "Baba, chukua. Maji yetu haya yana chumvi, hayaivishi maharage."

Nikamwambia, "Sitii sabuni kwenye chakula. Nakijwa wangu hajawahi kutia magadi tangu nimuoe."

Akanitazama. "Nakijwa yupi?"

"Mke wangu. Kwani wako wangapi?"

"Nakijwa wa maharage? Mwenye pengo hapa mbele? Alikuwa akishuka siku za gulio, analala barazani kwa mama yangu, mimi nikiwa msichana?"

Nikasema wenye mapengo ni wengi.

Akasema, "Huyu akichambua maharage, mabovu anayatupa nyuma ya bega bila kugeuka."

Nakijwa, hapo mwiko uliniponyoka. Hakuna mwingine duniani anayetupa maharage mabovu nyuma ya bega. Nimepigwa nayo kisogoni miaka hamsini.

Bi Mwanaidi akasema mbele ya watu wote, "Huyo ndiye aliyenifundisha makande. Nazi na karoti nimeongeza mimi, madereva wanapenda. Magadi aliniambia yeye. Alisema kwetu maji ni laini, lakini ninyi huku bila magadi mtalisha watu changarawe. Ndiyo maana nikaandika Suji kwenye ubao. Ningeandika nini kingine?"

Jiko zima lilicheka, na Shabani naye alikuwa amekuja kuangalia, akacheka kuliko wote. Mwenyekiti akajifuta machozi akasema, "Mzee, kumbe umemshitaki mkeo." Nikamwambia sijamshitaki mtu, mshitakiwa ni mimi. Halafu nikasimama nikajitetea, na ungenisikia ungejivunia. Nikasema makande ya Suji hayawezi kuhukumiwa kwa maji ya Hedaru. Maji ya kwetu ndiyo shahidi wangu, na shahidi hajaletwa. Na kama huyu mama anasema alifundishwa na Nakijwa, basi Nakijwa aje aseme mwenyewe. Bi Mwanaidi akasema, "Hata mimi namtaka yeye. Ndiye shahidi wangu." Mwenyekiti akasema hajawahi kuona kesi ambayo pande zote mbili zina shahidi mmoja, akaiahirisha mpaka utakapofika.

Kwa hiyo njoo.

Njoo na dumu la maji ya kijito cha nyuma ya nyumba, lijaze asubuhi kabla ng'ombe hawajayavuruga. Njoo na maharage, uchague yale mekundu. Ng'ombe mwachie shemeji yangu, hana kazi anazunguka tu. Najua ulisema hutashuka tena huku kwa ajili ya joto na goti, lakini Rajabu dereva wa basi ameniahidi kukuwekea kiti cha mbele, na mimi nitakuwa pale stendi nimesimama tangu mapema.

Kuna neno moja nalisema hapa kwenye karatasi, usilitangaze. Tangu siku ile nakula kwa Bi Mwanaidi kila siku. Nikiulizwa nasema nafanya uchunguzi. Nilimwambia atanilisha mpaka hukumu, akasema, "Kaa baba, mume wa mwalimu wangu halipi uchunguzi." Na wale madereva nimewarudisha mwenyewe kimyakimya, mmoja mmoja, nikiwaambia kwa Shabani leo mchuzi umechacha. Sufuria yake sasa inarudi tupu. Jana nilikula nimefumba macho. Nikaitoa nazi kichwani, nikaitoa karoti, nikayatoa magadi, na chini yake kulikuwa na mkono wako kabisa. Ndipo nikajua nimekaa huku siku nyingi.

Basi ukifika mbele ya mwenyekiti sema kweli, sitakukonyeza. Ukisema makande yale ni yako, nitasimama palepale niliposimama na nitayafuta maneno yangu kwa sauti ileile. Kwa mtu mwingine yeyote sisimami, hata kwa wenyeviti niliowazika sikusimama. Lakini kwanza uonje yangu kwa maji ya nyumbani, ndipo useme.

Nisalimie dada yako mchumaji wa dawa, umwambie asimalize ile ya goti. Nisalimie shemeji, na mchungaji wetu, umwambie kiti changu kanisani kisikaliwe na mtu. Nisalimie mama mkwe wa Elieza ukipita kwake kumtazama mzazi, na mtoto akiwa wa kiume wasimpe jina mpaka niulizwe. Fundi seremala jirani mwambie nyundo yake ninayo mimi, asimshuku mwanawe.

Haya niliyoandika hakuna nililoongeza. Muulize Mwenyekiti Athumani, alikuwepo. Muulize Rajabu aliyekuletea barua hii, alikula sahani mbili za Bi Mwanaidi na yangu aliipa pole. Na ukimtilia shaka Rajabu, waulize kuku wa Bi Mwanaidi, maana makande yangu waliyamaliza wao, na iliwachukua mpaka jioni.

Ni mimi mumeo,
Eliamini, baba Elieza