Kabati Lenye Kufuli

Turwa, Tarime
9 Juni 2024

Kaka yangu Nyangwine,

Shikamoo kaka. Habari za Kenyamonta? Wifi na watoto wanaendeleaje? Mama yuko hapa kwetu tangu Pasaka, mzima. Na mimi nina afya ambayo sikuwa nayo tangu niolewe.

Ulizoea kunicheka kwamba napenda kula. Haikuwa kupenda, kaka. Nilikuwa nanunua maandazi ishirini na soda, najifungia chooni, nakula huku nalia mpaka natapika, kisha natoka kutafuta mengine. Binti yangu Jesca alipokula chapati niliyoificha chini ya godoro, nilimchapa kwa waya mpaka mgongo ukavuja damu. Kipande kilichobaki nikakiokota, nikakila.

Aliyenishika mkono ni Eugenia, muuguzi kutoka Bukoba. Hakunikemea. Alisema nisishinde njaa halafu nivamie chakula jioni, nile mara tatu, nimekaa na wenzangu: ugali wa mtama, maharage, mboga za majani, dagaa. Kila Jumatano tunasali kwake, wanawake wanne, na kila mmoja anasema ukweli wake. Nimeanguka mara mbili, nikarudi. Huu ni mwezi wa nane sijala kwa kujificha. Jesca nimemwomba msamaha, ila bado hushtuka nikiinua mkono.

Lakini upo ukweli ambao hata pale nilishindwa kuusema. Siku uliyonikuta meno mawili yameng'oka, nilikuambia Felix amenipiga. Kaka, mume wangu hakunipiga. Alikuwa ametia kabati la chakula kufuli baada ya kuona mgongo wa mtoto. Nilimpiga mchi kichwani. Nilipouinua tena akaunyakua, nami nikaangukia jiwe la kusagia. Ndipo ukaingia na panga mkononi, nikakuambia uongo ule. Alinyoosha mkono kujikinga, ukamkata vidole vitatu. Nilisimama nikitazama, nikanyamaza.

Felix aliwaambia polisi kwamba waliomkata ni wezi wa ng'ombe. Nilipomuuliza sababu, alisema, "Siwezi kumfunga mjomba wa Jesca."

Miaka miwili umewaambia watu kwamba Felix ni mnyama. Mnyama nilikuwa mimi. Jumapili ijayo nitalisema hili mbele ya ukoo, hata kama hutakuja. Ila nakuomba uje.

Nisalimie wifi na wote hapo nyumbani. Ningependa kuandika kwamba mama anakusalimu, lakini tangu nimweleze asubuhi hajatamka neno. Amechukua jembe, amemfuata Felix shambani.

Mdogo wako,
Rhobi