Ufunguo wa Tatu

Jumamosi, 24 Januari

Sijavua hata baibui. Naandika hivyo hivyo.

Kikao cha kikundi chetu cha akiba kilianza kwa raha. Mwalimu Talib na habari zake za hisa – ile kampuni ya Dar imepanda tena, atauza, hauzi, anasubiri gawio. Bi Kazija akamwambia, "Mwalimu, miye hisa zangu ziko bandani, kila asubuhi zinataga. Zako zimetaga nini?" Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Hata mimi nilicheka.

Kisha sanduku la pesa likafunguliwa. Funguo tatu kama kawaida: wa Mwalimu, wa Bi Kazija, na wangu. Mfuko wa jamii, ule wa kitambaa tunaowekea pesa za wagonjwa na misiba, ukakutwa na upungufu. Bi Moza, mwenyekiti wetu, akanitazama mimi. Sanduku hulala kwake! Lakini wiki iliyopita mimi ndiye niliyehesabu.

"Suhaila mwanangu, hebu mwaga nkoba wako hapo. Tusafishe nyoyo."

Nikamwaga. Mbele ya wote, wanaume wamo. Kitana, chaja, kitambulisho cha kazi, andazi nililolifunga kwenye karatasi. Nilidhani yamekwisha.

"Na zipu ya ndani."

Mlikuwa na pedi zangu. Zikaanguka mkekani. Mwalimu akageuza uso, akatazama dirishani. Pesa hakuna. Na hakuna aliyesema neno. Niliokota kimoja kimoja, nimepiga magoti.

Jumapili, 25 Januari

Sikula. Mama anasema Mungu anaona. Nami nimeona, mama. Kila nikifumba macho nakiona kile kidole cha Bi Moza chenye pete kikiashiria zipu.

Kujitoa siwezi. Nikijitoa watasema kakimbia. Na Mzee Bakar, bosi wangu pale ofisi ya mizigo, bandarini Wesha, ni kaka yake Bi Moza. Bi Moza ndiye aliyeniombea kazi. Nikikohoa vibaya, sina kazi.

Jumamosi, 31 Januari

Zimepatikana!

Bi Kazija aliukung'uta ule mfuko wa kitambaa, akahisi kitu kwenye upindo. Uzi umefumuka, noti zimepenya humo. Zote zimo. Nikamtazama Bi Moza. Nikasubiri. Akapiga kofi moja, akacheka: "Alhamdulillahi, kumbe zimo! Haya, nani ananunua hisa leo?"

Basi.

Watu wakanunua hisa zao za kikundi, kama kila wiki. Mwalimu akaanza kueleza hatifungani, ile ya kuikopesha serikali kwa faida, Bi Kazija akauliza kama hiyo si riba iliyovaa kanzu, wakabishana mpaka adhana. Mkoba wangu hakuna aliyeutaja.

Namchukia. Nimeliandika, nimelitazama. Silifuti.

Jumatano, 4 Februari

Ofisini. Nilikuwa nachapa orodha ya mizigo, Mzee Bakar yuko kwenye simu. Huwa anasema kwa sauti kama simu ni kiziwi. Dada yake amepata nyumba hapo Tibirinzi. Mkopo wa benki, ule usio na riba – benki inanunua, yeye anawalipa kidogo kidogo. Umri wote huu Bi Moza kapanga chumba cha watu. Lakini lazima atoe malipo ya mwanzo Jumatatu ya tarehe 16, vinginevyo nyumba inakwenda kwa mwingine.

Pesa atazitoa wapi? Kwenye mgao wetu wa akiba za mwaka, tarehe 14, kabla ya Ramadhani.

Sanduku halifunguki bila funguo tatu.

Nilikosea kuchapa jina la meli. Nikafuta. Nikakosea tena.

Jumatatu, 9 Februari

Ufunguo nimeutunga uzi, nimeuvaa shingoni, ndani ya nguo. Mwanzo unakuwa wa baridi, halafu unapata joto la mwili.

Nimemkuta Bi Moza njiani. Shikamoo. "Marahaba mwanangu. Jumamosi usichelewe, eh! Tuna jambo letu." Uso umemng'aa kama bi harusi. Nikasema sitachelewa, inshallah. Niliitaja inshallah kwa uongo. Nimeogopa njia nzima – na nilikuwa na raha pia. Sijawahi kuwa na kitu ambacho mtu mkubwa anakihitaji.

Ijumaa, 13 Februari

Bi Kazija atakosa pesa za sare za wajukuu wake. Mwalimu atakosa za hisa zake. Hawakunifanya kitu.

Hawakusema kitu pia.

Jumamosi, 14 Februari

Konde, kwa mama mdogo Shadya. Nilipanda gari ya kwanza ya asubuhi. Mama nimemwambia mama mdogo anaumwa. Mama mdogo mzima wa afya, kafurahi kuniona, ananipikia ndizi za nazi.

Nikawasha simu adhuhuri. Meseji tele. Mwalimu anataka kufuli langu likatwe. Bi Kazija kakataa: likikatwa, kesho kila mtu atasema lake juu ya kilichokuwamo. Na sheria ya kutokata kufuli aliileta nani? Bi Moza mwenyewe! Mzee Bakar kaandika, "Jumatatu uanzie ofisini kwangu." Hapo nikaizima simu, nikaiwasha tena.

Halafu meseji ya sauti, ya Bi Moza. Si ya mwenyekiti, sauti nyengine. Naumwa? Niko wapi? Nimwambie tu, atanifuata.

Nikamwandikia: "Niko Konde. Njoo na mkoba wako."

Nimetuma! Nimetuma kabla sijaogopa. Sasa naogopa.

Jumapili, 15 Februari

Wamekuja. Wote. Wamekodi gari nzima kwa sababu sanduku lazima lifunguliwe mbele ya kila mwanachama. Sanduku lilipakatwa na Mwalimu, limefungwa kanga kama mtoto mchanga. Bi Kazija akashuka ameshika kiuno: "Kuku nimewaachia mahindi ya leo tu. Nikilala huku, watakula banda." Hakuna aliyecheka.

Bi Moza hakugomba. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Alikaa katikati ya mkeka, mama mdogo anagawa maji hajui kitu, akauweka mkoba wake mbele yangu. Akaumwaga mwenyewe.

Miwani iliyofungwa uzi. Dawa za presha. Tasbihi. Futi ya fundi, ile ya kukunja. Bi Kazija akamnong'oneza mwenzake – lakini nilisikia – kuwa juzi Bi Moza alikwenda kupima madirisha, anataka kushona mapazia.

Akasema: "Ntoto huyu hakuchukua kitu. Miye nimemtia aibu bure, mbele yenu, na mbele yenu namtaka radhi."

Ndiyo niliyoyataka. Maneno yenyewe hasa, na watu wale wale. Nilidhani kifua kitafunguka.

Nikasikia mdomo wangu: "Na zipu ya ndani."

Mwalimu akatazama dirishani. Vile vile kama siku ile. Bi Moza akaweka mkono juu ya zipu, akanitazama. "Zipu pia, mwanangu?"

Nikainuka. Nimesema nakwenda kutafuta ufunguo.

Niko chumbani. Mlango nimeurudisha. Ufunguo uko shingoni, hapa, una joto. Naandika polepole, kila herufi nzuri, kama ninavyoandika ofisini. Kesho ndiyo Jumatatu yake, na yangu pia.

Mama mdogo ananiita. Nimeitika naja.

Nje kimya kabisa. Nasikia zipu inafunguliwa, jino moja moja.

Sijamwambia aache.