Nyumba Imejaa Makochi, Wajukuu Hawana pa Kulala

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na naomba usinicheke kwa sababu majirani wameshanicheka vya kutosha. Mimi ni mama wa miaka sitini na minne, mjane, naishi Kirua Vunjo kwenye kihamba, shamba letu la ukoo, alichoniachia marehemu mume wangu, nina migomba yangu, ng'ombe mmoja wa maziwa na nyumba nzuri tu ya vyumba vinne, lakini hivi ninavyokuandikia nimekaa jikoni kwenye kigoda kwa sababu humo ndani sina pa kukaa.

Ilianza hivi. Mwanangu wa kwanza, Hosea, yuko Dar, alinunua makochi mapya akaniambia mama yale ya zamani nakutumia, nikasema asante mwanangu, akayapakia kwenye lori, mimi nikashuka Himo kuyapokea, nikakodi kigari cha kirikuu cha kuyapandisha huku juu mlimani, na siku hiyo alinipigia simu mara nne, mama gari limefika, mama umeyaona, mama miguu haijavunjika, mama umefika nyumbani, jamani nilifurahi! Mara nne kwa siku moja, mtu ambaye anaweza kumaliza mwezi na nusu kimya. Baadaye akabadilisha makochi tena, nikapokea na hayo, halafu Violet wangu wa Mwanza akanunua friji mpya na ile mbovu ikaja kwangu, ikafuatiwa na kabati la vyombo, meza ya kioo, televisheni ya kichogo na baiskeli ya mtoto isiyo na tairi, na kila kitu kinakuja na simu zake, na mimi kila nikiulizwa mama nafasi ipo nasema ipo, lete tu. Hiyo friji haijawahi kupoza hata maji ya kunywa, lakini naifuta kila Jumamosi, nimeifunika kitambaa nilichofuma mwenyewe, na nikiwa naifuta naongea na Violet kama yupo.

Sasa Krismasi iliyopita Hosea alikuja na mkewe na watoto watatu, nimewapikia mtori wa ndizi, nimewawekea maziwa, lakini chumba cha wageni mlango haufunguki kwa sababu ya makochi, ikabidi watoto walale sebuleni katikati ya kabati na friji, na asubuhi yule mdogo akakimbia kuja kuniamkia akaangusha meza ya kioo ikamkata mguu. Hosea akafoka, akasema mama hapa sasa ni stoo, akawahamishia gesti Himo, na tarehe ishirini na saba wakarudi Dar. Mtori wangu nilikula siku mbili peke yangu. Wiki iliyopita amesema mwaka huu hawapandi kuja huku mpaka nyumba ipangwe, na unajua mwenyewe huku kwetu Desemba inavyokuwa, hata aliye mbali vipi anarudi nyumbani, vihamba vya wenzangu vinajaa magari na kelele za watoto, sasa mimi nitakaa na nani?

Jirani yangu Magreth alikuja kunisaidia, tukatoa kochi moja nje, nikajiona kama namfukuza mtoto, na mvua ilipoanza nikaliburuta nikalirudisha ndani mwenyewe. Nikivitoa vitu hivi watanipigia kwa lipi? Nisipovitoa hawaji. Nimewakumbuka wanangu, mshauri, nimewakumbuka mno. Nifanye nini?

Eliona, Kirua Vunjo

MSHAURI ANAJIBU

Mama Hosea, pole sana. Sikucheki hata kidogo, ila nitakusema, na uvumilie.

Tuanze na huyo Hosea. Akujazie nyumba makochi yake mwenyewe, kisha asuse kuja kwa sababu nyumba imejaa makochi? Ana makosa, na mwambie nimesema hivyo. Lakini na wewe, mama yangu, mtoto alikuuliza kama nafasi ipo, ukajibu ipo. Yeye yuko Dar, ataonaje? Anaamini anamsaidia mama yake, kumbe anamhamishia jikoni.

Ukweli ni kwamba hukuwahi kutaka kochi. Ulitaka simu, na kochi lilikuja nayo. Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipomwambia mwanao yeyote kwamba umemkumbuka, sikupaona. Umeniambia mimi nisiyekujua, na umeiambia friji. Ebo! Violet atajuaje?

Haya, kazi. Usianze na nyumba nzima, utachoka ukate tamaa. Anza na chumba cha wageni, vitanda na magodoro tu, mlango ufunguke mpaka ugonge ukuta. Sebuleni bakiza seti moja, ile unayokaa bila mgongo kuuma. Mengine yote na hilo kabati zungumza na mzee wa kanisa, yaingie mnadani Jumapili baada ya ibada pamoja na ndizi na mayai ya sadaka. Yatagombaniwa, na utayaona kwa jirani yakikaliwa na watu. Hiyo friji mwite fundi, na akisema haitengenezeki aondoke nayo siku hiyo hiyo. Magreth arudi. Ukitaka kulia lia, lakini kochi likishatoka lisirudi ndani, hata mvua inyeshe namna gani. Na akitokea mtoto wa kutaja mzigo mwingine, mjibu hapana mwanangu, hapa tunapokea watu.

Mpigie Hosea kesho, wewe mwenyewe, kabla hujagusa hata kiti kimoja. Usianze habari za meza wala za gesti. Atashtuka, kwa sababu hajazoea, atakuuliza mama kuna nini, unaumwa, ng'ombe amekufa? Mwambie hakuna mgonjwa, hakuna msiba, nimekukumbuka tu mwanangu, nataka uje. Ukishasema hivyo nyamaza. Usikimbilie kumwuliza kama Dar kuna joto. Umwache yeye ajibu kwanza.